Mwenyeji Huonja Kwanza

Siku tuliyompa Bi Siwema Pazi waonjaji, wodini mlikuwa na watu ishirini na mmoja, na mashine ya kufagia ilikuwa imehesabu wanne.

Kanuni ya hospitali yetu ni wageni wanne kwa mgonjwa mmoja. Mashine hiyo, tunaiita Bi Fagio, hupita mlangoni ikihesabu kandambili, na ikikuta jozi ya tano inapiga king'ora. Basi ndugu wa Bi Siwema, Wazaramo wa Kisarawe waliozoea kuingia kwenye shughuli bila kadi, waliacha jozi nne pale mlangoni, zilizobaki wakazitia kwenye mikoba. Niliwaona nikanyamaza. Mimi napenda nyumba iliyojaa.

Jina langu Kalunde, Mnyamwezi wa Urambo, na kazi yangu ni msomaji. Msomaji anausoma mwili wa mtu kwenye kioo, kisha anafunga mdomo. Nusu ya kwanza ya kazi hiyo naiweza sana.

Bi Siwema alikuwa mshereheshaji wa harusi, miaka thelathini na maikrofoni mkononi. Dar es Salaam nzima ukitaja kicheni pati iliyofana, ujue yeye ndiye aliyeishika. Halafu mifupa ikaanza kumuuma. Figo zikajaa mawe. Kiu haiishi. Siku moja akasimama mbele ya watu mia tatu akasahau jina la bibi harusi, na bibi harusi ni mpwa wake. Vipimo vikasema ni vitezi: vidude vinne, kila kimoja kama punje ya mchele, vimejibanza nyuma ya tezi la shingo, na kazi yake ni kupima kalsiamu kwenye damu. Kitezi kikipandwa na wazimu kinaamuru kalsiamu itolewe mifupani usiku na mchana, na mtu anaoza kwa ndani huku watu wanamwambia amependeza, amepungua.

Walikuwa wamemfanyia upasuaji mara moja, mahali pengine. Wakatoa vitezi vitatu. Cha nne hawakukiona, na ndicho chenye wazimu. Katika kukitafuta wakakata mshipa wa fahamu wa sauti upande wa kushoto. Tangu hapo Bi Siwema alisema kwa sauti ya mkwaruzo, nusu sauti, inayobebwa na mshipa mmoja tu, wa kulia.

Sasa shingo iliyokwisha kufunguliwa inapona kwa kovu, na kovu ni kama ugali uliokauka sufuriani, huoni ugali unaishia wapi na sufuria inaanzia wapi. Huwezi kuingia humo mara ya pili ukawa unapapasa. Lazima ujue kitezi kiko wapi kabla hujashika kisu. Ukikosea upande wa kulia, mshereheshaji hatasema tena maisha yake yote.

Ndiyo maana tukaleta waonjaji.

"Hiki nini?" Bi Siwema aliuliza, akiiangalia ile glasi ya maji ya kijivu.

"Waonjaji, mama," alisema Daktari Luambano, mpasuaji wetu mkuu. Mtu mrefu, mpole, na chupa yake ya maji ya lita mbili haimtoki kwapani. "Ni vipunje vidogo kuliko vumbi la unga. Vinaingia kwenye damu, vinatutafutia kitezi, baada ya siku kumi vinatoka vyenyewe."

"Haya, anza wewe."

"Mama?"

"Kwetu Uzaramo mwenyeji huonja kwanza. Hapa ni kwako, mimi mgeni. Unanikaribisha kinywaji hujakionja, mimi nitajuaje?"

"Kweli kabisa!" akadakia shoga yake Mwajabu, mama mnene aliyekalia kiti cha muuguzi. "Hata maji ya kisimani watu wanaonja, sembuse haya ya kijivu."

Wodi nzima ikaafiki. Daktari akacheka, akachukua glasi, akapiga mafunda mawili, akajilamba midomo kama mtu aliyekunywa togwa. Vigelegele vikapigwa. Bi Siwema akainywa yote iliyobaki.

Kwenye rekodi niliandika: mgonjwa amekunywa. Ya daktari sikuyaandika. Ile haikuwa dawa, ilikuwa adabu.

*

Waonjaji sisi wasomaji tunawaita wambea, na ukiwajua huwezi kuwapa jina jingine.

"Nieleze vizuri, Mnyamwezi," Bi Siwema aliniambia asubuhi ya pili, nikiwa natega kioo juu ya kifua chake. Tangu aliposikia kabila langu alikuwa ameshanifanya mtani, na mtani hana heshima. "Babu zako walibeba mizigo ya watu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo bila kuuliza ndani mna nini. Mimi siyo babu yako. Nauliza."

"Na babu zako walikuwa njiani wanawapigia ngoma badala ya kuwasaidia," nikamjibu. "Sikiliza. Ukitaka kujua nani ameanzisha uvumi mtaani, unafanyaje?"

"Namuuliza Mwajabu."

"Na Mwajabu akiwa hayupo?"

"Nauliza nyumba hii, nauliza ile. Aliyesikia nusu ananipeleka kwa aliyesikia zaidi."

"Basi ndivyo wanavyofanya. Hawana macho, hawajui walipo. Kila mmoja anaonja damu iliyo mbele yake. Akionja homoni ya kitezi anamnong'oneza wa jirani: mimi nimeipata kidogo, wewe je? Mwenzake anasema mimi zaidi. Wanasogezana hivyo hivyo mpaka mlangoni kwa mwenye uvumi. Kioo kinasikiliza minong'ono yote, kinachora mwili, na kinawasha taa pale uvumi unapowaka kuliko kwingine."

"Wananong'ona kwa nguvu kiasi gani?"

"Hatua tatu. Ndiyo maana vitanda vyetu vimeachana hatua tano, wambea wako wasije wakapiga soga na wa jirani. Kioo hakijui kutofautisha. Kimefundishwa kwamba kila kinachosikia ni cha mtu mmoja."

Akacheka ule mcheko wake wa mkwaruzo. "Umbea wa hospitali. Na mimi nilijua nimeuacha mtaani."

Daktari aliingia, akainama juu ya kitanda, nami nikawasha. Taa ikawaka hapo hapo: shingoni, upande wa kulia, kali kama kibatari kilichojazwa mafuta.

"Huyu hapa," alisema daktari, uso umemchangamka. Akapiga funda la maji, akasugua paja lake kama afanyavyo akisimama sana. "Kulia. Tutaingia Alhamisi."

Kulia. Mahali pabaya kuliko pote. Lakini taa ilikuwa inawaka, na daktari yule alikuwa amefungua shingo mia nne.

Kanuni haikunitaka nisome tena. Nilisoma tena mchana kwa sababu ndivyo nilivyo: nikisikia habari mara moja natamani kuisikia kwa mtu mwingine. Nikamkuta Bi Siwema anakula tikiti maji na wageni wake. Nikawasha kioo.

Kulia palikuwa giza.

Nikafuta kioo kwa kanga. Giza. Kisha nikaona taa ndogo, hafifu, chini kabisa, ndani ya kifua nyuma ya mfupa wa kidari. Vitezi huwa vinapotea hivyo mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake. Kimoja kinashuka kupita wenzake, kinafika kifuani, kinafanya maskani.

Asubuhi iliyofuata, daktari akiwepo: kulia, kibatari. Ile ya kifuani ilizama kwenye mwanga wake kama nyota jua likichomoza.

Jioni, bila daktari: kifuani.

Kitezi hakina miguu. Basi taa mojawapo ilikuwa inadanganya, na mimi nikataka kujua ni ipi.

*

Nilianza na wageni. Nilijiambia kuna mtu kati yao amekunywa mabaki ya ile glasi, na akisogelea kitanda wambea wake wanachanganya habari.

"Nani alionja?" niliwauliza siku ya Jumatano, mikono kiunoni. "Sitampeleka popote. Nataka kujua tu."

Wote wakamgeukia Mwajabu.

"Mbona mimi?" akapiga kelele. "Chungu kikipungua mimi, glasi ikipungua mimi! Naapa kwa Mungu sikuigusa. Ilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea bomba."

"Basi tokeni mmoja mmoja."

Nikasimama na kioo, nikawatoa. Akatoka mume wa Bi Siwema, mzee asiyesema. Akatoka shangazi. Wakatoka wajumbe wa kamati tatu za harusi. Kila aliyevuka mlango alitoa kandambili mkobani akavaa, na Bi Fagio ikaanza kulia king'ora kwa kuona watu kumi na saba wakitoka chumba kilichoingiwa na wanne. Mwajabu akatoka wa mwisho, amenuna.

Taa haikubadilika hata kidogo. Ilikuwa kifuani tangu mwanzo, imetulia.

"Haya, umenifukuzia watu wangu," alisema Bi Siwema. "Umepata nini?"

"Sijapata."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Daktari Luambano. Alifika kitandani, na kioo kikawaka kulia.

Nikakisogeza kioo karibu.

"Nimekuja kuchukua nini?" alisema daktari, akijipapasa mifuko. "Ah, faili. Nimeliacha." Akatoka. Taa ya kulia ikafifia, ikazima. Akarudi, faili hana, ameleta chupa ya maji tu. Ikawaka.

Mafunda mawili. Vigelegele.

Nikamwangalia kwa mara ya kwanza kama mgonjwa. Chupa ya lita mbili, inajazwa mara tatu kwa siku. Paja linalosuguliwa. Ruhusa aliyochukua mwezi wa nne, tukasema amekwenda likizo, kumbe, kama dereva wake alivyoniambia baadaye, ilikuwa mawe ya figo. Funguo zinazotafutwa. Faili. Kitezi cha Bi Siwema kilikuwa kinanong'ona kifuani. Kilichokuwa kinapiga yowe shingoni, upande wa kulia, kilikuwa cha mtu aliyeinama juu yake na kalamu mkononi, akichora mahali pa kukata.

*

Hapa ndipo ilipo shida yangu, na naomba mnielewe.

Daftari la Miili, kitabu cha kanuni zetu wasomaji, lina sheria moja ambayo hata mfagiaji anaijua: mwili usiosaini hausomwi. Bi Siwema alisaini. Daktari alikunywa mafunda mawili kwa adabu ya ugeni, hakusaini kitu. Nilichokijua nilikuwa nimekiiba, hata kama kilijileta chenyewe. Na mimi nilikuwa na onyo tayari. Mwaka uliopita nilimpongeza muuguzi mmoja kwa mimba ambayo mumewe alikuwa bado hajaambiwa. Kamati ilitaka kunifukuza. Aliyesimama kunitetea, akasema Kalunde ana mdomo lakini ana jicho, mwacheni, alikuwa Daktari Luambano.

Nikienda kwa matroni, nimeutoa mwili wa mtu nje, mtu aliyenificha kwa kanzu yake. Nisipokwenda, kesho asubuhi atakata kovu la kulia akitafuta kitezi ambacho hakipo humo, na mkono wenyewe ni wa mtu ambaye mifupa yake inayeyuka.

Nikaenda ofisini kwake. Peke yangu, mlango nimeufunga.

"Daktari, ile taa ya kulia si ya mama. Ni yako."

Aliniangalia kwa upole. "Yangu kivipi?"

"Ulikunywa waonjaji. Siku ile alipokuambia uanze."

"Nani alikunywa?"

"Wewe. Mbele yetu wote. Mafunda mawili."

"Sikunywa kitu, Kalunde."

Macho ya mwongo nayajua, nimelelewa nayo. Yale hayakuwa ya mwongo. Alikuwa anaitafuta siku ile kichwani mwake kama alivyozitafuta funguo, na haikuwepo.

"Na kama ningekuwa nimekunywa," alisema polepole, "ungekuwa umesoma mwili usiosaini. Hilo unalijua. Nenda kapumzike. Umemzoea sana yule mama, na ukimzoea mgonjwa unaona mambo."

"Daktari, jaribu tu. Simama mbali na kitanda, halafu..."

"Kapumzike."

Nikatoka. Nilisimama ukumbini mpaka Bi Fagio ikanipita mara mbili ikinigonga kisigino.

*

Sheria ya pili ya Daftari inasema kabla ya nusu kaputi mgonjwa aonyeshwe ramani ya mwili wake, mbele ya ndugu atakaowachagua. Wengi huchagua mmoja. Asubuhi ya Alhamisi nilimwinamia Bi Siwema sikioni.

"Mzaramo, leo utachagua nani?"

"Mume wangu. Anatosha, haongei."

"Chagua wote."

"Wote wa mikobani?"

"Wote walioona siku ile unakunywa."

Hakuniuliza kwa nini. Mtu aliyeshika maikrofoni miaka thelathini anajua mtu akitaka ukumbi ujae ana jambo.

Walijaa mpaka dirishani. Daktari aliingia kwa haraka, kofia ya upasuaji kichwani, akasimama pembeni ya kitanda. Nikakigeuza kioo watu wakione. Taa ikawaka kulia, wakashangilia kidogo, kama watu walioonyeshwa picha ya mtoto tumboni.

"Daktari," nikasema, "naomba urudi nyuma hatua tano."

"Kuna nini?"

"Mwanga unagonga kioo."

Akarudi nyuma, watu wakimpisha. Taa ikafa. Chini kifuani ikajitokeza ile ndogo.

"Njoo sasa."

Akaja. Kulia.

"Rudi tena, tafadhali."

Akarudi. Kifuani. Sikusema neno zaidi, naapa. Nilikuwa nikijiambia kwamba sijasema kitu, na wakati huo huo najua nimeshasema kuliko siku zote za maisha yangu.

Ndipo Bi Siwema akaangua kicheko chake cha nusu sauti.

"Daktari! Mbona taa inakufuata kama mwali anavyomfuata somo wake? Ukija inakuja, ukienda inakwenda. Hiyo shingo ni yangu au yako?"

Watu wakacheka. Mwajabu akacheka kuliko wote, akapiga makofi, halafu makofi yakaishia hewani. "Yesu na Maria," alisema, na yeye ni Mwislamu. "Si alikunywa na yeye!"

Hakuna aliyecheka tena.

Daktari alikuwa amesimama katikati ya chumba, chupa kwapani. Aliangalia kioo. Akasogea hatua moja, taa ikapepesa. Akarudi nyuma hatua moja. Yeye ni mwanasayansi. Nilimwona akifanya jaribio hilo mara tatu, kwa makini, akilini mwake anahesabu. Kisha vidole vyake vikapanda vyenyewe hadi shingoni, upande wa kulia.

"Mimi nilikunywa?" aliuliza, na hakumuuliza mtu mmoja.

"Ulikunywa, baba," alisema Bi Siwema taratibu. "Mimi ndiye niliyekuambia uanze."

Akaangalia uso mmoja baada ya mwingine, nyuso ishirini, na zote zilikuwa zinakumbuka kitu asichokikumbuka yeye. Akavua kofia ya upasuaji. Akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

"Mwiteni Daktari Sanga," alisema. "Mwambieni ni kifuani. Shingo isiguswe."

*

Kitezi cha Bi Siwema kilikuwa kikubwa kama kunde. Daktari Sanga alikitoa nyuma ya kidari kwa saa moja na nusu, na jioni kalsiamu ikaanza kushuka. Sauti yake ilibaki ile ile nusu, lakini nusu ile ilibaki. Wiki ya tatu alishika kicheni pati ya Temeke na hakusahau jina la mtu, hata la wale aliotakiwa asahau.

Mimi kamati ilinisimamisha miezi sita. Kosa: kuonyesha mwili usiosaini mbele ya hadhara. Sikubisha, kwa sababu ndilo nililolifanya. Msomaji mpya ni kijana wa Kihaya anayevaa glavu hata akinywa chai.

Daktari Luambano alipolazwa nilikwenda kama mgeni, kandambili zangu mkobani. Nilikuta Wazaramo wamenitangulia. Mwajabu alikuwa kwenye kiti cha muuguzi. Safari hii daktari alikuwa amesaini, muhuri wa dole gumba, kila ukurasa. Msomaji mpya akaleta glasi ya maji ya kijivu, akampa.

Mkono ukapita katikati ukainyakua.

"Hapana, baba," alisema Bi Siwema. "Wewe uliniondolea hofu. Leo mimi ndiye mwenyeji, naonja kwanza."

Niliruka vitanda viwili. Nikamdaka kifundo cha mkono glasi ikiwa mdomoni.

"Mzaramo! Ukinywa tu nakupeleka Unyanyembe na mzigo kichwani!"

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Hata daktari alicheka, akishika paja. Akaichukua glasi akainywa mwenyewe yote, hakuna aliyepiga kigelegele mpaka alipoigeuza chini juu.

Watu walipokuwa wanagawana chapati, aliniita karibu.

"Sikulaumu, Kalunde. Uliokoa sauti ya mtu, na pengine na mimi." Akawatazama Wazaramo. "Kitu kimoja tu kinaniuma. Wale watu wote. Ungekuja kwanza ofisini kwangu, tukawa wawili, ukaniambia. Ningekusikiliza."

Nilimtazama. Hakukuwa na lawama usoni pake, wala uongo. Siku ile ya ofisini haikuwepo kichwani mwake, kama ile ya glasi. Alikuwa ameipoteza pamoja na mlango niliofunga na neno *kapumzike*, na ulimi wangu wote, ulimi uliotangaza mimba ya watu, ulikuwa umeshajipanga nyuma ya meno.

"Ni kweli, daktari," nikasema. "Nilikosea. Nisamehe."

Nikaenda kupokea chapati yangu.